Kipimo cha Mguu wa Alfajiri

Haya yalitokea Likoni, huku kwetu Timbwani, nyumba ya tatu ukitoka kisima cha maji chumvi. Asiyeamini na aende akamuulize Nduku, mpangaji wa chumba cha uani, ambaye mpaka leo akienda msalani alfajiri huenda akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti. Na yalianza na jambo dogo tu. Viatu vilikataa kumkaa Ishaka.

Mishi, mkewe, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Uhispania. Msimuonee gere, hakwenda kutembea. Mdogo wake Mwanasha aliolewa na Mhispania mmoja aliyekuwa akija kupumzika hoteli za Shelly Beach, akajifungua huko kwa mumewe, hana wa kumkanda wala wa kumkorogea uji wa pilipili manga, na arubaini ni arubaini hata mzazi akiwa Ulaya. Basi Mishi akaenda kumlea, akarudi na kilo tatu za mwili na bahasha moja ya gazeti la Kihispania aliyoishika mkononi safari nzima.

Ndani ya gazeti mlikuwa na viatu vya kitambaa cheusi, soli yake kamba iliyosukwa na kuzungushwa ikashonwa ikawa ngumu. Alpargata, ndivyo wanavyoviita kwao. Mishi alimpa mumewe huku ameinamisha uso kwa furaha, akamwambia kwamba kavishona mwenyewe, kwa mkono wake, kila tundu.

Sasa lazima mjue Ishaka ni nani. Ishaka ni fundi wa makubadhi, ndara za ngozi za kwetu, na baba yake alikuwa fundi wa makubadhi. Akikutazama unyayo atakwambia unaegemea upande gani ukitembea na umevaa viatu vya kuazima mara ngapi. Mtu mwenyewe mfupi, mnene wa kifundo, miguu mipana ya mtu aliyekua akitembea peku. Aliingiza mguu wa kwanza. Nyuma ya kisigino ikabaki nafasi ya kutia vidole viwili, na ubavuni kitambaa kikambana hadi vidole vya mguu vikapandana. Akajaribu wa pili, mambo ni yale yale.

Hakupiga kelele. Alivivua, akavilaza ubavu kwa ubavu mkekani.

"Hivi ni vya mtu mrefu, Mishi," alisema. "Mrefu na mwembamba. Wewe wamjua, mimi simjui."

Mishi alicheka, akidhani anataniwa. Alipomtazama usoni aliacha kucheka.

Kipimo cha viatu vile Mishi alitoka nacho nyumbani. Wiki moja kabla ya safari Mwanasha alimpigia simu akamwambia kwamba katika mji wao kuna bibi mmoja, Remedios, anayefundisha watu kushona viatu vya kamba kwa mtindo wa zamani, na kwamba amemlipia nafasi ya siku mbili. Bibi huyo ana sharti lake. Jozi ya kwanza hujishonei mwenyewe. Uje na kipimo cha mtu umpendaye aliyebaki nyumbani, na kipimo hicho kishonewe ndani ya soli, kisitolewe tena.

Mishi alitaka liwe jambo la kumshtua mumewe. Kumpima mchana asingeweza, na viatu vyake vikuukuu vimekwisha kutanuka, havisemi kweli. Lakini marehemu baba mkwe alikuwa na njia yake ya kupima wateja. Humtia mtu mguu majini, akamkanyagisha kwenye sakafu ya saruji, kisha akapima alama ile kwa uzi kabla haijakauka. Basi alfajiri ya safari Mishi aliamka, akakuta nyayo za maji zimetoka msalani mpaka kwenye msala wa kuswalia, mume keshakwenda msikitini. Akachukua uzi mweupe wa nta katika kisanduku cha Ishaka, akapiga magoti, akapima unyayo ulio wazi kuliko zote, fundo moja kwenye kisigino, fundo la pili kwenye kidole gumba. Aliuona unyayo mrefu kidogo. Alijisemea kwamba maji hutanda, akakunja uzi akautia katika sidiria.

Kule Uhispania yule bibi aliushika uzi akaunyoosha mezani, akasema neno, na Mwanasha akatafsiri: mumeo mrefu. Mishi alicheka. Wallahi, alikuwa na furaha siku zile mbili kuliko alivyopata kuwa nayo miaka mingi. Alivaa kipande cha ngozi kiganjani, akashika shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, akavuta uzi mpaka vidole vikatoa malengelenge, na kila alipokaza tundu yule bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alifunzwa kwamba alpargata havina kulia wala kushoto, vyote viwili sawa, mpaka vivaliwe. Mguu wa mwenyewe ndio unaovifundisha, na vikishafundishwa havibadiliki. Miaka kumi na mmoja ameolewa na fundi viatu, na hakuna siku Ishaka alimwachia ashike hata msharasi wa kutobolea ngozi. Alimwambia mikono ya mwanamke huharibu kazi, na Mishi akaenda kukatakata vitunguu.

Hayo yote alimweleza mumewe, na Ishaka hakuyaamini hata moja. Wivu ulimkamata vibaya. Aliomba simu akazitazama picha za Uhispania moja moja, akakuta moja Mishi anacheka na shemeji yake, Mhispania mrefu mwembamba, na hapo akaona amepata jibu lake. Alihamishia godoro kwenye chumba cha mbele anakofanyia kazi. Viatu aliviweka juu ya rafu, pale pale anapoviona akiwa kazini, na kila mteja akivisifia humwambia ni kazi ya mke wake, kisha huishika nyundo akagonga hadi mteja anaondoka.

Siku ya nne Mishi alisikia mtu anatembea ukumbini kabla ya adhana. Haikuwa sauti ya ndara. Ilikuwa laini, ya kukwaruza kidogo, kama mtu anayefagia polepole kwa fagio lililoisha. Akadhani mumewe amelegeza moyo, kavivaa vile viatu kwa kujificha, na akatabasamu ndani ya shuka. Sauti ilikuja mpaka mlangoni kwake ikasimama. Ikaja harufu ya kamba iliyolowa, na nyuma yake udi, ule udi mzito wa maarusi ambao Mishi hakuuchoma tangu ndoa yake. Akangoja mlango ufunguliwe, haukufunguliwa. Kumbe Ishaka wakati ule alikuwa amelala fofofo chumba cha mbele, Nduku alimsikia akikoroma.

Asubuhi Ishaka ndiye aliyetangulia kuona. Viatu vilikuwa rafuni kama alivyoviacha, lakini soli zina mchanga. Akavishusha. Kimoja kilikuwa kimepinda kulia, kimoja kushoto, na ndani, kitambaa kimeshika alama za vidole vitano virefu. Vilikuwa vimekwisha kuvaliwa, tena na mtu mzito. Fundi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alijua kuna mwanamume anayeingia nyumbani mwake, na kwamba jeuri yake imefika hadi ya kuvaa zawadi yake na kuirudisha mahali pake.

Mnadhani alimuuliza mkewe? Wivu hauulizi. Jioni ile alichukua unga wa chokaa akaunyunyiza ukumbini, mlango wa mbele, mlango wa uani, na kila upenyo, akakaa macho na nyundo mapajani, akapitiwa na usingizi karibu na adhana, na alipozinduka kulikuwa kunapambazuka na chokaa ya milango yote miwili ilikuwa shwari, haikuguswa hata na mjusi, ila ile ya ukumbini ilikuwa na nyayo, nyayo za soli ya kamba zenye mistari yake, zimeanzia msalani, zimepita mbele ya mlango wake zikasimama hapo kama za mtu anayetazama, kisha zimekwenda taratibu, hatua baada ya hatua, mpaka chumba cha mkewe, zimeingia, na hapakuwa na hata moja iliyotoka. Alisukuma mlango. Mishi alikuwa amelala peke yake, na upande wa pili wa kitanda shuka limebonyea.

Ishaka alitaka kuingia akapekue uvunguni. Hakufika. Alianguka pale pale kizingitini akishika miguu, na yowe alilotoa ndilo lililomtoa Nduku uani na kanga moja. Yeye ndiye aliyeshika taa. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimevimba, na pembezoni mwake pote, kutoka kisiginoni mpaka kidole kidogo, pamezungukwa na vitundu vya damu vilivyopangana sawasawa, kila kimoja mbali na chenzake upana wa kidole. Mishi alivitazama akatia mkono mdomoni. Alizijua nafasi zile. Ndivyo yule bibi alivyomfundisha kupima tundu za shazia.

Waliomkalisha kitandani ni hao wanawake wawili. Nduku akataka apelekwe hospitali, Ishaka akakataa. Alimkazia macho mkewe, na machozi yalikuwa yanamtoka, ya maumivu na ya wivu pamoja.

"Nambie ukweli nife nikijua," alisema. "Kipimo ulikitoa wapi?"

"Kwako. Nyayo zako za udhu, alfajiri ile ya safari. Zilitoka msalani mpaka kwenye msala."

Ishaka aliiachia miguu yake, akajiinua kwa kiwiko.

"Mishi, alfajiri ile hapakuwa na maji. Bomba lilikuwa kavu siku tatu, mitungi mitupu, au umesahau kwa haraka ya safari? Mimi nilitawadhia msikitini."

Nduku anasema hapo chumba kizima kilinuka udi.

Aliyeitwa ni Bi Mwanarehema, yule anayeuza mahamri njia ya kwenda kivuko. Watu wengi hununua mahamri yake miaka nenda miaka rudi wasijue kwamba ana kazi nyingine. Alikuja baada ya Alasiri, mikono bado ina unga, akaomba maji ya kunawa kwanza, akamlaumu Nduku kwa kuacha ndoo wazi, kisha akakaa chini akaviomba viatu. Alivipakata bila kuvivaa, akaingiza vidole ndani, akaguna.

Alieleza kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema mambo ya wakubwa watoto wakiwa karibu. Kwamba kiwanja kile kilikuwa na mwenyewe kabla hakijajengwa, na huyo mwenyewe alikuwa akipita tu na njia zake, hana neno na mtu. Mkosi ni kwamba mwanamke kampigia magoti, kampima mguu, kavuka bahari na kipimo chake kifuani, kamshonea kwa mkono wake akimwita mume moyoni. Yeye ataelewa nini? Ameona amechumbiwa. Na aliyechumbiwa akikuta mwanamume mwingine ndani huona wivu kuliko hata binadamu.

Akamuuliza Mishi kama yuko tayari kuvifumua. Aliyeshona ndiye afumue, tundu kwa tundu, mpaka uzi wa kipimo utoke, na kazi iwe imekwisha kabla ya Magharibi. Jua likizama na tundu moja limebaki, mume wake hatasimama tena kwa miguu yake. Akamnywesha Ishaka kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, akachoma ubani, akampa Mishi wembe na msharasi wa Ishaka mwenyewe.

Mishi alikata uzi wa kwanza, na Ishaka akapiga kite, kitundu kimoja cha mguuni kikafumba. Akakata wa pili. Alikata kumi, alikata ishirini, na kadiri alivyokata vidole vilimzidi uzito, na mwanzo alidhani ni uchovu, kisha akahisi mkono mwingine umelala juu ya mkono wake, mkono mrefu, wenye baridi ya maji ya kisima, haumzuii kwa nguvu bali unamshika kwa upole wa mtu anayemwongoza mwanafunzi, na ukumbini sauti ile laini ya kukwaruza ikaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ingawa viatu vyenyewe alikuwa navyo mapajani. Halafu Mishi akafungua kinywa akasema, na haikuwa sauti yake.

"Kanishonea," kilisema kinywa cha Mishi, kwa sauti nzito ya polepole. "Mimi sijapata kushonewa kitu. Huyu mfupi ana rafu nzima ya viatu, na anataka na hivi."

"Hukushonewa wewe," alisema Bi Mwanarehema. "Ilikuwa makosa."

"Mkono wake haukukosea. Muulizeni huyo mumewe, alimpa sindano siku gani? Mimi nilikaa nikamtazama anashona. Nilimwambia kazi yako nzuri. Yeye alimwambia nini?"

Ishaka alikuwa amelala chali, jasho linamtiririka, na hakuna aliyemtazama ambaye hakujua kwamba neno lile limempata. Bi Mwanarehema alimshika Mishi bega akamtikisa, akamwita kwa jina lake na jina la mama yake, akamwambia jua liko juu ya minazi.

Mishi alirejea akilini akilia. Na sikilizeni, hakulia kwa hofu tu. Alimwambia Bi Mwanarehema waziwazi, mbele ya mumewe, kwamba vile viatu ndivyo kitu pekee alichopata kukitengeneza duniani kikasifiwa, na sasa anakiua kwa wembe. Kisha akapangusa macho kwa kanga akaendelea. Alifumua kitambaa, akafumua kisigino, akafumua kamba ya soli, mzunguko kwa mzunguko, na kila tundu lilipotoka Ishaka aliguna, na ule mkono wa baridi ukawa unabana, unabana, mpaka kucha za Mishi zikageuka rangi, na mwadhini alipokuwa anakohoa kwenye kipaza sauti uzi mweupe wa nta ulichomoka, na mafundo yake mawili. Udi ukakatika ghafla. Mlango wa msalani ukajifunga wenyewe, taratibu.

Bi Mwanarehema hakuuchoma ule uzi. Alisema kipimo cha mtu hurudishwa. Aliufunga katika kitambaa chenye mavi ya ng'ombe na chumvi, na kesho yake bahari ilipokupwa akaenda nao mwambani Shelly Beach, akautia kwenye shimo la mwamba, akarudi kuuza mahamri. Jioni ile kabla hajaondoka alimuuliza Mishi kama kuna kitu chake chochote ambacho yule alikichukua, unywele, nguo, kipimo. Mishi akasema hakuna.

Ishaka alipona kwa wiki mbili. Na alibadilika, nisimsingizie. Siku ya kwanza aliyokaa tena kazini alimwita Mishi, akamketisha kando yake, akamtilia msharasi mkononi. Sasa wanashona pamoja. Makubadhi ya Mishi yana tundu ndogo zilizosimama vizuri, na wateja wengine huyataka hayo kwa jina. Ishaka akisikia hivyo hucheka kwa shida kidogo, kisha huyafunga kwenye karatasi. Lakini wivu wa mtu hauondoki siku moja. Siku Mishi akiingia na harufu ya manukato yoyote, humuuliza katoka wapi.

Mwezi uliopita maji yalikatika tena. Siku ya pili ya ukame huo Ishaka alikwenda msikitini na mdomo mkavu, na Mishi akabaki amelala, nyayo zimetoka nje ya shuka. Akahisi baridi ya kitu chembamba kisiginoni. Alidhani ni jongoo, akaketi upesi.

Ulikuwa uzi, umelazwa sawasawa chini ya unyayo wake wa kulia kutoka kisigino mpaka kupita kidole gumba. Uzi mweupe wa nta, umebadilika rangi kidogo kwa chumvi. Aliyatambua mafundo yake mawili, maana aliyafunga mwenyewe. Lakini katikati yao palikuwa na fundo la tatu, jipya, ambalo hakulifunga yeye. Alipima kutoka fundo la kwanza hadi hilo. Kilikuwa kipimo cha mguu wake barabara, hakikuzidi wala hakikupungua.

Ulikuwa umelowa, unanukia udi, na nyumba nzima haina tone la maji.

Alitaka kumwita Bi Mwanarehema. Alitaka kumwambia Ishaka. Ndipo akakumbuka yale macho, godoro lililohamishwa, na nyundo mapajani, akakumbuka na msharasi ambao umechukua miaka kumi na mmoja kumfikia. Hayo Mishi alikuja kuniambia baadaye, mimi jirani yake peke yangu, na nikamlaumu kwa kuficha, na bado sijui ningefanya nini. Alfajiri ile mlango wa mbele ukalia, Ishaka akaingia akitoa kofia.

"Umeshika nini?"

"Uzi," Mishi alisema, akiukunja. "Umeanguka kutoka kwenye kisanduku chako."

Ishaka alisimama hapo kizingitini, akavuta pumzi kwa pua, mara mbili.